Mama Hakuzuia Mvua

Banda la Samaki, Soko la Voi,
S.L.P. Voi,
9 Februari 2026

Mpendwa mdogo wangu Reuben,

Pokea salamu zangu kutoka hapa Voi, ambako jua linachoma tangu asubuhi na vumbi la barabara kuu linaingia mpaka kwenye kopo la chumvi. Natumaini u mzima huko Goa, India, kifua hakikusumbui tena, na wale wenye nyumba wamezoea harufu ya sukuma wiki yako. Mimi sijambo. Mkono ulioungua mafuta umepona, umebaki na alama tu. Mama naye ni mzima, na habari zake ndizo zimenifanya nitafute kalamu.

Utauliza kwa nini karatasi wakati simu ipo. Kikundi chetu cha familia kwenye WhatsApp kina masikio mengi, na wewe una tabia ya kumjibu kila mtu kwa upole. Hii nataka uisome peke yako mpaka mwisho, kabla hujaanza kuniambia habari za kusamehe.

Kwanza biashara, maana najua utauliza. Samaki wa bahari wamekuwa adimu. Changu anayeletwa kutoka Pwani siku hizi ni mdogo, mteja akimgeuza mara mbili ananitazama kana kwamba nimemla nusu njiani. Wewe unayesomea bahari ulinieleza kwenye simu kwamba bahari yetu imekuwa ikipata joto miaka mingi, kwamba maji ya moto yanakaa juu kama mafuta juu ya supu, na yale ya baridi ya chini, yenye chakula, hayapandi kama zamani. Kwa hiyo vile vimea vidogo visivyoonekana kwa macho vinapungua, na anayevila anakonda, na anayemla huyo naye anakonda, mpaka njaa inafika kwenye karai langu. Nilielewa. Nimewaeleza na wateja. Mbula, yule Mkamba wa meza ya jirani anayeuza kunde na ndengu, anasema nimeacha kuuza samaki nimeanza kuuza masomo.

Siku hizi nachanganya na tilapia wa mabwawa ya Bomeni, kule Taveta. Watu wanawaita samaki wa matope, halafu wanawala mpaka mifupa. Hata bahari yenyewe nimeiwekea kinyongo, Reuben, ukiiona uiambie.

Lakini sikuketi hapa kwa sababu ya samaki. Nimeketi kwa sababu ya baba mdogo Sylus.

Mwaka ule wa 2022 wewe ulikuwa umeshaondoka, na Mama alikusimulia nusu ili usome kwa amani. Mimi nilimwachia akuchujie. Sasa nakupa yote. Mvua ilikuwa imetupita msimu baada ya msimu, vuli na masika. Kanisa la Werugha likaitisha maombi ya mvua. Baba mdogo, kwa kuwa ni mzee wa kanisa, akapewa nafasi ya kusema neno. Akasema, kuna mtu kati yetu amefunga moyo wake, na mpaka moyo huo ufunguke mbingu nazo zitabaki zimefungwa. Hakutaja jina. Alitazama tu benchi la pili, alipokuwa ameketi mke wa marehemu kaka yake.

Wewe ni mtoto wa Dawida, Mtaita kama mimi, unajua maana yake. Kwetu hasira si mali ya mtu mwenyewe. Ukiiweka moyoni inatoka na kutembea, inamlaza mtoto wa jirani, inakausha maziwa ya ng'ombe, inashika mvua. Dawa yake ni kutasa: unajaza kinywaji mdomoni, unakitema kwa kukipuliza, na hasira inatoka pamoja nacho huku ukitamka maneno mema. Wote tumebatizwa, na wote tunajifanya hatulijui jambo hilo, mpaka siku mtu anapougua.

Baba mdogo alieneza kwamba tangu tulipomzika Baba, Mama ana uchungu juu ya lile shamba la karibu na kijito. Wakamwita atase. Mama akawauliza, ateme nini na moyoni hamna kitu? Hilo likahesabiwa kuwa ni ukaidi. Haukupita muda, akienda kuchota maji wenzake wanabeba madumu yao na kumpisha bila kumsalimu. Mwanamke aliyewazalisha nusu yao. Siku moja alifunga nguo zake akashuka Maungu, kwenye kile kiwanja Baba alichonunua karibu na reli, mahali ambapo hata ndengu zinaota kwa kuombwa. Baba mdogo akapanda kabeji kwenye shamba la kijito kabla hata majivu ya jiko la Mama hayajapoa.

Na kilichoniua kabisa ni kwamba mwaka uliofuata mvua ilinyesha. Baba mdogo alizunguka Werugha yote akiuliza watu, "Mmeona?" Ilipofika mwisho wa mwaka mvua ikazidi, ikabomoa matuta na kabeji zake nyingi zikateremka na kijito. Hapo hakuuliza ni nani aliyekuwa na furaha kupita kiasi.

Ni wewe uliyenipa jibu, ingawa ulidhani unanieleza kazi yako tu. Ulisema miaka ile ya ukame maji ya upande wa Indonesia yalikuwa na joto, na ya upande wetu yalipoa, kwa hiyo upepo ukabeba mvuke kuupeleka kwao. Mwaka wa mafuriko mambo yakageuka, joto likaja kwetu, na mvua ikalifuata. Ukasema yale matope mnayochota chini ya bahari yana magamba ya viumbe vidogo, na magamba hayo yanaonyesha kwamba bahari imekuwa ikiyumba hivi tangu zamani sana, kabla babu wa babu yetu hajapanda mlima, ila sasa inavyozidi kupata joto inayumba kwa nguvu zaidi. Nilikuuliza mara tatu kama una hakika. Ulicheka, ukaniuliza tangu lini nimependa sayansi. Sikuipenda, Reuben. Nilikuwa nanoa panga.

Vuli iliyopita mvua haikunyesha tena. Milima imekauka, Maungu hata kusemwa hakusemeki. Na Mama alikuwa hukohuko Maungu, mbali na mbingu za Werugha. Nilingoja nisikie ni nani atafukuzwa safari hii. Nikasikia badala yake kwamba baba mdogo ana kidonda mguuni ambacho hakifungi.

Mwezi wa kwanza bintiye Lynn aliteremka mpaka bandani kwangu. Alisimama kando akisubiri wateja wapungue, kisha akaninong'oneza.

"Dada, mzee halali. Anasema ni wewe."

"Ni mimi nini?"

"Hasira yako. Anasema anaisikia kwa huo mguu, inatembea. Si uje tu utase, hii maneno iishe? Mama yako ameshakubali kuja."

"Hospitali wamesema nini?"

"Wamesema ni sukari. Lakini unamjua mzee."

Sitakuficha, mdogo wangu. Nilifurahi. Furaha ilinipanda mpaka masikio yakapata moto. Nilimketisha Lynn nikamkaangia changu mkubwa kuliko wote niliokuwa nao, nikamkamulia ndimu mwenyewe. Kwa miaka hii yote nilikuwa naomba siku moja mtu wa nyumba ile aje kwangu akiwa anaomba, na sasa amekuja, na kumbe mimi nimekaa ndani ya mguu wa Sylus bila hata kupanda mlima. Mbula aliniona nikitabasamu peke yangu. Akaniambia, "Wakesho, hiyo sura sijawahi ona kwako. Leo umekaanga nani?"

Nilipokuwa nasugua karai jioni ndipo nilipoona mtego. Nikienda kutema, nimekubali kwamba hasira ya mtu inaweza kufika kwenye mguu wa mwenzake. Na kama yangu inafika mguuni, basi ya Mama ilifika mawinguni, na Sylus alisema kweli siku ile kanisani. Nikikataa, nikawaeleza habari za bahari yako, Mama anasafishika, lakini mguu unabaki kuwa wa sukari tu na mimi simo humo. Nilitaka vyote viwili. Nilitaka Mama awe hana hatia, na nilitaka Sylus aoze mguu kwa sababu yangu. Nilisugua lile karai mpaka likatoboka karibu na kishikio.

Niliposhuka Maungu kumzuia Mama, nilimkuta ameshafunga mzigo.

"Ukitema umekiri," nikamwambia.

"Kukiri, kutokukiri, mimi nataka jiko langu," akasema. "Kaburi la baba yenu limeota magugu. Nitatema hata mate makavu."

Unamjua Mama alivyo, hajawahi kumwinulia mtu sauti, hata kuku anawafukuza kwa kuwabembeleza. Nilimwomba kitu kimoja tu, aniache mimi nitangulie. Akakubali, akaniambia nivae kitambaa kichwani maana kutakuwa na wazee.

Jumamosi ya tarehe 31 tukapanda Werugha. Walikuwa wamejaa sebuleni kwa baba mdogo, yeye mwenyewe kwenye kiti cha mikono, mguu juu ya stuli. Amekonda. Zamani wazee walitasa kwa pombe ya miwa, lakini kwa kuwa hawa ni watu wa kanisa, waliandaa soda nyeupe na glasi mbili. Katekista alikuwapo pia. Alikaa karibu na mlango ili, akija kuulizwa, aseme alikuwa anapita.

Lynn akanimiminia. Nikajaza mdomo. Waliokuwa karibu wakajivuta nyuma kidogo ili wasirushiwe, na baba mdogo akafumba macho na kuutoa mguu wake mbele.

Nikameza.

Nikanywa na iliyobaki, nikarudisha glasi mezani. Soda yenyewe ilikuwa ya moto.

"Dada, umemeza," Lynn akasema.

"Nilikuwa na kiu."

Kisha nikamwambia baba mdogo, kwa adabu, kama ulivyonifundisha kuongea na wateja wabaya, kwamba hasira ninayo, tena tele, lakini haina kazi. Haijui njia ya kutoka Voi kufika kwenye mguu wake. Nikawaeleza wote waliokuwapo habari za bahari, upande wa moto na upande wa baridi, na upepo unaohamisha mvua yetu. Nikawauliza, miaka hii Mama amekaa Maungu, vuli ya juzi imezuiwa na nani?

"Hayo ya bahari ni ya Reuben," baba mdogo akasema. "Sisi hapa ni watu wa milima."

"Na mvua ya milima inatoka wapi, baba mdogo?"

Katekista alianza kutazama viatu vyake. Nikamwambia sharti langu: aseme pale, na Jumapili ya wiki inayofuata akaseme kanisani, kwa mdomo wake na mahali palepale aliposimama mwaka ule, kwamba Mama hakuzuia mvua.

Kisha akasema, polepole sana, "Nikisema hivyo, basi nilimfukuza bure."

"Ndiyo," nikamwambia.

Akavuta blanketi akaufunika mguu, na joto lote lile. Reuben, wewe ni mtu mwema, huenda ungemwonea huruma. Mimi nilitulia nikamtazama vizuri nisije nikasahau. Alikuwa anaitaka hasira yangu. Ugonjwa wa hasira unaponywa kwa glasi ya soda, lakini sukari ni ya dawa kila siku mpaka mtu anakufa, na kosa la kumfukuza mjane bila sababu halina hata kidonge. Nikamwambia arudi hospitali mapema, wasije wakamkata. Na hasira yangu, nikamwambia, nitaondoka nayo kama nilivyokuja nayo.

Mama hakutema. Alikuwa ameshika glasi yake mapajani muda wote, akaiweka chini ikiwa imejaa, akamwomba Lynn ufunguo wa nyumba yake. Lynn akautoa mfukoni papo hapo, nadhani alikuwa nao tayari. Tulimkuta Mama baadaye ameshafagia vyumba vyote na anatafuta kuni.

Wiki nzima hatukujua kama baba mdogo atasema. Pale sebuleni alikuwa hajasema ndiyo wala la. Nilifunga banda, jambo ambalo Mbula hajanisamehe, nikabaki na Mama. Wanawake walipita mbele ya nyumba wakikohoa. Wawili wakaingia na maziwa. Wengine wakasubiri waone upepo unavumia wapi, na hao nimewaweka akilini kwa majina. Mama aliniuliza kila jioni kama nadhani atasimama. Ndipo nilipojua kwamba jiko peke yake halikumtosha, kwamba alitaka jina lake, ila hakuwa na mazoea ya kudai.

Jana tukaenda ibada. Mama alichagua benchi lilelile la pili. Baba mdogo alikuja na fimbo, Lynn akimshika kiwiko. Matangazo yakasomwa, ya umoja wa akina mama, ya harusi, ya bati la vestri, chumba cha mavazi ya ibada, na nikaanza kuamini amenikwepa. Kisha akanyanyuka. Hakwenda mbele, alishika tu mgongo wa benchi lililokuwa mbele yake.

"Mama Wakesho hakuzuia mvua," akasema. "Mimi nilikosea."

Akaketi. Ni hayo tu, Reuben. Maneno yanayotoshea kwenye pumzi moja. Kwa kukosa maneno hayo Mama amekula vumbi la Maungu miaka mitatu na zaidi. Nilidhani nitasikia utamu, badala yake nilitaka kulia kwa ghadhabu.

Hapo Mama akanivuta mkono. "Amesema nini? Sijasikia."

Kanisa lote limesikia, na ambaye maneno yalikuwa yake hajayasikia. Nikasimama. Nikasema, "Samahani, baba mdogo. Mama hajasikia. Rudia tafadhali, kwa sauti."

Ilimchukua muda kunyanyuka tena. Fimbo iliteleza, Lynn akaiokota. Akarudia yote, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wanakwaya. Mama alitikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu anayepokea wageni. Halafu tukaimba.

Tulipokuwa tunarudi nikaanza kufikiria ile kliniki ya masikio ya hapa Voi. Nikamwambia Mama tutaenda wiki hii, masikio yasiachwe mpaka yaharibike.

"Yana nini masikio yangu?" akaniuliza.

"Si ulisema hukusikia?"

"Nilimsikia vizuri," akasema. "Nilimsikia mara ya kwanza."

Akatangulia. Njia yetu inapita kwenye shamba la kijito, unaikumbuka. Hakupita kwenye matuta. Alipita juu ya kabeji.

Basi, mdogo wangu, habari ndizo hizo. Usiniandikie mahubiri. Endelea kuchota matope yako, na kama kuna siku bahari itageuka itutendee wema, utujulishe mapema tutayarishe mashamba na karai. Lynn anakusalimu, na yeye simjumlishi na babake. Mbula anakusalimu, anauliza kama huko wanakula kunde. Katekista pia anakusalimu, anasema alikuwa anapita tu. Mungu akulinde unapokuwa juu ya maji na unapokuwa nchi kavu, akupe afya na mke mwenye subira.

Mama yuko hapa kando yangu, tumeteremka naye leo achukue vyombo vyake vilivyobaki Maungu, anachambua mboga. Anasema niandike kwamba moyo wake ni mweupe na hana kinyongo na mtu yeyote duniani. Nimeandika kama alivyosema.

Dada yako anayekupenda kuliko anavyojua kuonyesha,

Wakesho